Jinsi ya kupanga saspensheni ya Subaru Impreza kwa mbio za uwanjani

Impreza nyingi hufika uwanjani zikiwa zimeshashushwa. Springi fupi, gari limekaa chini, macho yanaridhika. Kisha inakuja kona ya kwanza ya kasi: usukani unakatwa, pua inaendelea kwenda nje, na tairi la mbele la upande wa nje linapiga kelele huku likiliwa begani. Mwenye gari anakaza shokapu, na pua inazidi kutoka nje. Kinachokosekana pale ni kemba, yaani mwinamo wa gurudumu likitazamwa kutoka mbele (hasi ni pale juu yake panapoingia ndani), na kushusha gari kupita kiasi kumeharibu hata ile kidogo iliyokuwepo.

Mwongozo huu ni wa Impreza WRX na STI za kizazi cha pili, yaani GD za 2000 hadi 2007, zile zilizojaa Nairobi, Arusha na Dar es Salaam zikitoka Japani zikiwa zimetumika. GC8 zilizotangulia zina mpangilio ule ule wa shokapu za MacPherson mbele na nyuma, kwa hiyo karibu yote yaliyomo humu yanazihusu pia. Vipimo vya kukazia boliti ndivyo utakavyovitafuta kwenye kitabu cha mwaka wa gari lako.

Jambo moja la kuweka wazi kabla ya kushika spana. Kwetu Impreza ilijenga jina kwenye Safari Rally, aliposhinda Colin McRae 1997 na Richard Burns 2000. Gari la Safari huinuliwa juu, hupewa shokapu zenye safari ndefu na springi zinazomeza mashimo. Uwanja wa lami unataka karibu kinyume cha hayo. Ukiuziwa shokapu za rali zilizotumika kwa bei nzuri ili uzipeleke kwenye lami, ziache.

Kwanza gari liwe zima

Hakuna kipimo kitakachosimama kwenye gari lenye bushi zilizokufa. Inua gari, liweke kwenye stendi nne, usitegemee jeki peke yake. Shika kila gurudumu juu na chini ulitikise, kisha kushoto na kulia. Likicheza juu na chini, shuku beringi au boljointi. Likicheza kushoto na kulia mbele, shuku tairodi. Beringi za nyuma za Impreza za miaka hii zina sifa ya kuchoka mapema. Zisikilize: ngurumo inayobadilika unapohamisha uzito wa gari kutoka upande mmoja kwenda mwingine ni beringi, wala si tairi.

Kisha chukua mtaimbo mdogo uzipinde bushi za mikono ya chini. Bushi ya nyuma ya mkono wa mbele ndiyo ya kuangalia kwa makini, maana ikichanika gurudumu linarudi nyuma unapofunga breki na kasta, yaani mwinamo wa mhimili wa usukani kwenda nyuma, inabadilika ukiwa ndani ya kona. Dereva ataeleza tu kwamba gari halitulii kwenye breki, na fundi anaweza kumaliza siku nzima akichezea kliki za shokapu, yaani hatua za kurekebisha ugumu wake, bure. Angalia pia linki za stabilaiza, ile fimbo inayounganisha magurudumu ya kushoto na kulia ili gari lisilale sana, na maunti za juu za shokapu.

Ukibadilisha bushi za mpira, usikaze boliti zake gari likiwa hewani. Zifunge kwa mkono, shusha gari likae kwa uzito wake, lisukume mbele na nyuma litulie, ndipo ukaze. Bushi iliyokazwa gurudumu likiwa limening'inia hukaa imejikunja wakati wote gari liko chini. Inafanya kazi kama springi ya ziada usiyoitaka, na itachanika ndani ya miezi.

Tairi na upepo

Saspensheni yote ipo ili mraba mdogo wa mpira unaogusa lami ukae bapa. Kwa hiyo anza na tairi. Saizi ya 225/45R17 kwenye rimu ya inchi 7.5 au 8 inatosha sana kwa gari hili. Matairi manne yawe ya aina moja na yamelika sawasawa, kwa sababu mfumo wa kuvuta magurudumu yote manne hauvumilii tofauti za mzingo. Tairi moja jipya na matatu yaliyolika huilazimisha difu ya kati kufanya kazi muda wote hata kwenye njia iliyonyooka.

Anza na psi 28 hadi 30 matairi yakiwa baridi. Baada ya mizunguko mitatu au minne ya kasi, ingia piti moja kwa moja bila kujikokota, upime hapo hapo. Unatafuta psi 33 hadi 35 yakiwa ya moto. Upepo hupanda karibu psi 1 kwa kila ongezeko la nyuzi 5 au 6 za Selsiasi. Ndiyo maana tairi la nje, linalobeba kazi kubwa ya kona, huwa na upepo mwingi kuliko la ndani. Kama uwanja unazunguka kufuata mshale wa saa, matairi ya kushoto ndiyo yatakayochemka. Yaanze na psi 1 au 2 pungufu.

Anayetoka pwani kwenda Nairobi akumbuke mwinuko. Geji hupima tofauti kati ya upepo wa ndani ya tairi na hewa ya nje. Ukijaza Mombasa na kupima tena Nairobi, mita 1,700 juu ya bahari, utasoma karibu psi 2.5 zaidi joto likiwa lile lile. Jaza upya ukifika.

Upepo peke yake hausemi yote. Nunua kipimajoto cha sindano, kile kinachochomwa ndani ya mpira milimita mbili tatu. Cha mwanga husoma ngozi ya juu tu, ambayo hupoa ndani ya sekunde chache na kukudanganya. Pima kila tairi mahali patatu: bega la ndani, katikati na bega la nje. Andika namba hizi kumi na mbili kwenye daftari, kila mara kwa mpangilio ule ule.

Katikati pakiwa pa moto kuliko mabega yote mawili, upepo ni mwingi. Mabega yakiwa ya moto kuliko katikati, upepo ni mdogo. Bega la nje likizidi la ndani, kemba hasi haitoshi. Bega la ndani likizidi la nje kwa nyuzi 5 hadi 10 uko pazuri. Likizidi kwa nyuzi 15 na zaidi, umepitiliza. Matairi ya barabarani ya kimichezo hufanya kazi vizuri yakiwa kati ya nyuzi 70 na 95.

Springi na urefu wa gari

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Shusha gari milimita 20 hadi 30 kutoka urefu wa kiwandani, basi. Kipimo cha kuamini kiko chini ya gari: mkono wa chini wa mbele. Gari likiwa limesimama kwa uzito wake, boljointi ya upande wa gurudumu lazima iwe chini kidogo ya bushi ya upande wa bodi, au walau usawa nayo. Mkono ukianza kupanda kuelekea gurudumuni, mambo mawili yanaharibika kwa pamoja. Shokapu ikibonyea, kemba inapungua badala ya kuongezeka. Na kile kitovu ambacho bodi inalala kwa kukizunguka kinashuka haraka kuliko bodi yenyewe, hivyo gari linalala zaidi kwenye kona ingawa liko chini zaidi. Mtu anaweka springi ngumu kufidia tatizo aliloliunda mwenyewe.

Ugumu wa springi uhesabu, usiubahatishe. WRX pamoja na dereva ni kama kilo 1,475, na asilimia 58 hivi iko mbele. Kila gurudumu la mbele linabeba kilo 428. Toa kilo 45 za gurudumu, breki na habu, ambazo springi haizibebi, zinabaki 383. Springi ya kilo 6 kwa milimita ni sawa na niutoni 59 kwa milimita. Kwa kuwa shokapu imelala kidogo, gurudumu linahisi kama asilimia 90 ya hizo, yaani niutoni 53,000 kwa mita. Gawa kwa 383, tafuta kipeuo cha pili, gawa kwa 6.28: mitikisiko 1.87 kwa sekunde. Nyuma, kwa springi ya kilo 5 na uzito wa kilo 270, hesabu hiyo hiyo inatoa 2.03.

Kati ya 1.8 na 2.2 ndipo gari linalotumia matairi ya barabarani linapotakiwa kuwa. Springi za kiwandani ziko karibu 1.3, ndiyo maana gari linalala kama mashua. Nyuma pawe juu kidogo kuliko mbele, kwa sababu gurudumu la nyuma hukutana na tuta likiwa limechelewa na linahitaji kuiwahi pua, la sivyo gari litayumba mbele na nyuma kama punda mwenye mzigo uliolegea. Seti ya 6 mbele na 5 nyuma, au 8 na 6.5 kama uwanja ni laini kama meza, inafaa. Springi za kilo 10 na 12 ni za matairi ya mbio yasiyo na kashata. Kwenye tairi la barabarani gari litarukaruka juu ya kila kiraka cha lami, na tairi lililo hewani halishiki kitu.

Kufunga koilova

Koilova ni shokapu na springi yake vikiwa kitu kimoja, na urefu wake unarekebishwa. Mbele, ondoa gurudumu, fungua boliti ya mpira wa breki na kibano cha waya wa ABS vinavyokaa kwenye shokapu. Usiache habu ining'inie kwa mpira wa breki. Ifunge kwa waya. Boliti mbili kubwa zinashika shokapu kwenye habu, nati zake za spana ya 19. Ya juu ndiyo yenye kichwa cha mviringo usio kamili kinachopanga kemba. Weka alama ya rangi ilipokaa, shikilia kichwa cha boliti, zungusha nati. Juu, chini ya boneti, kuna nati tatu za 12. Nyuma, kwenye sedani, lazima uondoe mgongo wa kiti ili uzifikie.

Nati kubwa ya katikati ya shokapu ya zamani usiiguse springi ikiwa imebanwa ndani. Ukiifungua bila vibana springi, springi inaruka kwa nguvu ya kuvunja taya.

Kwenye koilova, kaza sahani ya springi mpaka springi isicheze, kisha ongeza milimita 2 hadi 5 tu. Wengi wanaamini kwamba kuibana zaidi kunaifanya springi iwe ngumu. Hapana: springi ya kilo 6 inabaki ya kilo 6. Ulichobadilisha ni urefu wa gari na nafasi iliyobaki ya gurudumu kushuka. Ukiibana sana, gurudumu la ndani linainuka mapema kwenye kona. Kwa koilova zenye bodi inayozunguka chini, panga urefu kwa kuzungusha bodi hiyo na uiache springi kama ilivyo.

Nati tatu za juu zinataka Nm 20 tu. Zikikazwa kama za gurudumu, skrubu zake zinakatika. Boliti za shokapu na habu zinataka nguvu kubwa, zaidi ya Nm 150, na namba kamili iko kwenye kitabu. Nati za magurudumu ni Nm 100, kwa spana ya kipimo, tena gari likiwa chini. Baada ya kukaza, pitisha kidole kati ya tairi na bodi ya koilova. Pasipopungua milimita 5 ni salama. Kata usukani hadi mwisho pande zote ukaangalie tena.

Kabla ya kurudisha gurudumu, funga kibano cha plastiki cha kufungia nyaya kwenye fimbo inayong'aa ya shokapu, ukishushe mpaka chini. Gari likibonyea kitasukumwa juu na kubaki pale. Baada ya mizunguko michache utajua shokapu imetumia safari kiasi gani na kama imegonga mpira wa kizuizi. Kifaa hiki cha shilingi chache hujibu maswali ambayo watu hubishana siku nzima.

Kemba, kasta na tou

Fikiria gari likilala digrii 3 kwenye kona. Gurudumu la nje linalala nalo, na mpangilio wa MacPherson hurudisha kidogo sana. Kama kemba ya kusimama ilikuwa hasi 0.5, tairi sasa limesimama kwa bega lake la nje, zaidi ya digrii 2 upande mbaya. Ukiliweka hasi 3 tangu mwanzo, ndani ya kona linakaribia kukaa bapa. Hii ndiyo sababu kemba ya mbele hulipa kuliko kifaa kingine chochote utakachonunua kwa gari hili.

Boliti ya kiwandani kwa kawaida itakufikisha hasi 1.5 hivi. Zaidi ya hapo unahitaji maunti za juu zinazosogea. Tofauti kati ya njia hizi mbili ni muhimu. Boliti ya chini inainamisha habu peke yake, hivyo juu ya tairi panasogelea shokapu na nafasi inapungua. Maunti ya juu inainamisha shokapu na gurudumu kwa pamoja, na nafasi kati yao haibadiliki. Tumia boliti mpaka nafasi inaporuhusu, kisha malizia kwa maunti.

Anza na vipimo hivi: mbele kemba hasi 2.5 hadi 3.0, tou (magurudumu yanavyoelekea ndani au nje yakitazamwa kutoka juu) sifuri au milimita 1 nje kila upande. Nyuma kemba hasi 1.5 hadi 2.0, tou sifuri au milimita 1 ndani kila upande. Kasta weka kubwa kadiri maunti inavyoruhusu, ilimradi kushoto na kulia zisipishane zaidi ya digrii 0.3. Kemba ya nyuma haina marekebisho ya kiwandani. Kushusha gari kutakupa sehemu ya hiyo, na ikizidi utahitaji linki za nyuma zinazorefushwa. Tou ya nje nyuma usiiruhusu hata kidogo. Mkia utaponyoka dereva anapoachia mafuta katikati ya kona, bila onyo.

Huhitaji mashine ya alaimenti kufanya haya, na uwanjani hutaipata. Unahitaji sakafu iliyo sawa, na usawa huo utaupata kwa njia ya waashi: hozipaipu ya plastiki inayoonyesha ndani, iliyojaa maji, ncha moja kila gurudumu. Palipo chini weka vipande vya kigae. Chini ya magurudumu ya mbele weka vigae viwili vilivyopakwa grisi katikati ili tairi ligeuke bila kujikaza. Dereva, au mifuko ya mchanga yenye uzito wake, akae kwenye kiti. Tangi liwe nusu.

Kemba pima kwa pimamaji ya kidijitali iliyoegemezwa kwenye ubao ulionyooka unaogusa kingo za rimu, si ukuta wa tairi, maana chini hapo tairi limevimba. Tou pima kwa mshipi wa kuvulia samaki. Funga mishipi miwili iliyo sambamba pembeni mwa gari kwenye stendi nne, kwa kimo cha katikati ya magurudumu. Isogeze mpaka umbali kutoka mshipi hadi katikati ya habu uwe sawa kushoto na kulia, kwa mbele na kwa nyuma. Umbali wa mbele na wa nyuma unaweza kupishana kwa kuwa upana wa magurudumu haulingani. Kinachotakiwa ni kushoto kulingane na kulia. Sasa pima kwa rula kutoka mshipi hadi ukingo wa mbele wa rimu na ukingo wake wa nyuma. Wa mbele ukiwa mbali zaidi na mshipi, una tou ya ndani.

Mbele unarekebisha kwa tairodi, zungusha sawasawa pande zote ili usukani ubaki umenyooka. Nyuma kuna boliti ya mviringo usio kamili kwenye linki, upande wa bodi. Mpangilio wa kazi ni urefu wa gari kwanza, kasta, kemba, na tou mwisho, kwa kuwa kila kimojawapo cha vile vya mwanzo kinaivuruga tou. Ukimaliza, piga mstari wa rangi kwenye kila boliti na nati. Boliti ya kemba huteleza gari likigonga ukingo wa kona, na mstari uliokatika utauona kwa jicho kabla hujapoteza tairi.

Uzito wa kila gurudumu

Mwenye mizani minne asiruke hatua hii. Fungua linki za stabilaiza zote, dereva akae ndani, soma namba. Tuseme mbele kushoto ni kilo 436, mbele kulia 419, nyuma kushoto 289, nyuma kulia 331. Jumla 1,475. Jumlisha mbele kulia na nyuma kushoto: 708, sawa na asilimia 48. Gari hili litakata vizuri upande mmoja na kusukuma pua upande mwingine, na hakuna kliki itakayoliponya. Unataka asilimia 50, pungufu au zaidi kwa 0.5.

Inua kidogo mbele kulia na nyuma kushoto, shusha pembe nyingine mbili kwa kiasi kile kile, mzunguko mmoja wa sahani kwa wakati, ili urefu wa gari usibadilike. Uzito wa upande wa kulia dhidi ya kushoto springi haziwezi kuuhamisha. Huo unahama kwa kusogeza betri, kiti au vitu vilivyo kwenye buti. Rudisha linki za stabilaiza mwisho, urefu wake ukiwa umepangwa ziingie bila kulazimishwa.

Kliki za shokapu

Hesabu kliki ukianzia kwenye ugumu wa mwisho, funga taratibu mpaka izuie, usilazimishe, kisha fungua ukihesabu. Mwisho wa upande laini hauaminiki, unatofautiana kati ya shokapu na shokapu. Anza katikati kote.

Shokapu haiongezi wala haipunguzi kulala kwa gari kwenye kona ndefu. Hiyo ni kazi ya springi na stabilaiza. Shokapu hutawala kasi ya bodi kufika pale, yaani sekunde chache za kuingia kona, kufunga breki na kukanyaga mafuta. Badilisha kliki 4 kwa mara moja mwanzoni ili dereva aone tofauti wazi, kisha rudi kwa 2. Mbele peke yake, au nyuma peke yake. Mizunguko miwili ya kupasha moto, mitatu ya kupima, ingia piti, andika. Anayebadilisha vitu viwili kwa pamoja hatajua kipi kilimsaidia.

Gari likiendelea kunesa baada ya tuta, ongeza. Likirukaruka kwenye viraka na kingo na usukani ukagonga mikononi, punguza. Ugumu wa kurudi ukizidi, gurudumu halipati muda wa kushuka kati ya tuta na tuta, na gari linajivuta chini kidogo kidogo hadi linakaa juu ya mipira ya kizuizi. Dereva ataona gari lilikuwa zuri mwanzo wa njia mbovu na baya mwisho wake. Dawa ni kulainisha, ingawa moyo utakwambia ukaze.

Stabilaiza

Ugumu wa stabilaiza unapanda kwa kipeo cha nne cha kipenyo chake. Kutoka milimita 20 kwenda 22 ni ongezeko la asilimia 46. Kutoka 20 kwenda 24 ni zaidi ya mara mbili. Kwa Impreza inayosukuma pua, stabilaiza ya nyuma ya milimita 22 ndiyo nyongeza ya kwanza. Mabano ya kiwandani ya nyuma hupinda na hatimaye kuchanika yakipewa stabilaiza nene, kwa hiyo nunua mabano yaliyoimarishwa siku hiyo hiyo. Ukizidisha, gurudumu la nyuma la ndani litainuka na nguvu ya injini itapotelea hewani wakati wa kutoka kona.

Gari likilalamika

Pua ikitoka nje wakati wa kuingia kona, mwangalie dereva kwanza. Anayeachia breki yote kabla ya kukata usukani huinua pua na kuyanyima matairi ya mbele uzito wakati yanapouhitaji. Kama breki anaiachia taratibu na bado pua inatoka, lainisha mbele kliki 2 au ongeza tou ya nje milimita nusu kila upande.

Pua ikitoka katikati ya kona, soma joto la tairi la mbele la nje. Bega la nje likiwa la moto, ongeza kemba. Kemba ikiwa sawa, kaza stabilaiza ya nyuma kwa tundu moja. Ukikuta kibano cha plastiki kimefika kwenye mpira wa kizuizi, achana na mengine yote: gari linagonga mwisho wa safari, springi ya kilo 6 inageuka ukuta, na tairi la upande huo linaachia ghafla. Inua gari milimita 5 hadi 10 au weka springi ngumu zaidi.

Pua ikitoka wakati wa kukanyaga mafuta, ambalo ndilo lalamiko kuu la magari yanayovuta magurudumu yote, mkia unachuchumaa na pua inainuka. Kaza nyuma kliki 2 hadi 4. Isiposaidia, springi ya nyuma ipande kwa kilo 1.

Mkia ukiponyoka wakati wa kufunga breki kwenye njia iliyonyooka, pima tou ya nyuma kabla ya kugusa kingine. Mara nyingi boliti imeteleza na mstari wa rangi umekatika.

Siku ikiisha, kabla ya kuingia barabarani, kaza tena nati za magurudumu kwa Nm 100, angalia mistari yote ya rangi, rudisha upepo wa barabarani matairi yakishapoa, na ufungue kliki 6 hadi 8 kila shokapu. Tou ya nje ya mbele irudishe sifuri kwa safari ndefu. Kemba hasi 3 peke yake hula tairi polepole. Ikiambatana na tou ya nje, bega la ndani linafika kwenye waya ndani ya kilomita elfu chache, na ukiwa umesimama nje ya gari huwezi kuliona.